Udongo wa Kambini

Kilichomponza Tekla ni meno. Mfupa ukishaungua ni mfupa tu, huwezi kusema huu wa punda na huu wa ng'ombe, na kwa wiki tatu alikuwa akitwanga mifupa bila kuitazama mara mbili. Alikuwa akiichota kwenye lundo lililopoa, anaitia kwenye kinu chenye ufa, kile kisichotwangiwa chakula, anapiga mchi mpaka mifupa inakuwa unga wa kijivu. Asubuhi hiyo ya mwezi wa kumi aliingiza mkono kwenye kikapu cha mifupa ambayo bado haijachomwa, akatoka na kipande cha taya la juu kilichojaa majivu. Meno manne yalikuwa bado yamekaa mahali pake. Akakifuta kwa kidole gumba. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamechongwa upande wa ndani, yakaacha katikati uwazi mdogo wa pembe tatu.

Hakuna punda anayechongwa meno.

Akainua macho. Hatua kumi kutoka hapo, chini ya kivuli cha ghala, mama mkwe wake Bibi Nyamizi alikuwa anachambua mbegu za karanga na mjukuu wake, Apolinaria, mtoto wa miaka minne. Mtoto alisema jambo la kipumbavu, bibi akacheka, na alipocheka Tekla akauona uwazi uleule kati ya meno yake ya mbele. Wanyamwezi wengi wa umri wake walichongwa hivyo ujanani. Ulikuwa urembo wao, na alama ya kwao. Tekla akakifunika kile kipande kwa ncha ya kanga.

"Mbona mchi umenyamaza?" aliuliza Bibi Nyamizi.

"Napumzisha mkono, mama."

Akaendelea kukaa vilevile, kitu kile mapajani, mpaka Alois mumewe alipotokea na kikapu cha udongo wa kichuguu kichwani.

"Baba Apolinaria, hii umeitoa wapi?"

Alois alikitua kikapu, akainama. Alitazama chini ya ile kanga muda mfupi sana, kama mtu aliyekwisha kujua atakachokiona. "Funika," akasema.

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

"Kambini. Kwenye majivu, upande wa kisima. Si ndiko inakotoka yote?"

"Yote?"

"Ya punda ni mingi. Kwato nimeziona kwa macho yangu."

"Sijakuuliza habari za kwato." Sauti ya Tekla ilikuwa ya chini, kwa sababu ya bibi. "Madebe sita tumekwisha kumwaga shambani. Madebe sita."

Alois akaanza kuumwaga ule udongo wa kichuguu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuogopa aibu kuliko njaa, na katika maisha yake hofu hiyo ilimtia matatani mara nyingi kuliko hasira inavyowatia wenzake.

*

Kambi yenyewe haikuwa siri. Mwendo wa nusu saa kutoka kwao ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikaingia Tabora kabla reli haijajengwa. Njia ilikuwa imebaki kijipito cha mbuzi, lakini mahali walipolala wapagazi palionekana wazi kwa sababu udongo wake ulikuwa mweusi. Miaka na miaka ya mioto, mavi ya punda na mabaki ya vyakula ilikuwa imeugeuza. Kwingine kote kulikuwa na luseni, ule mchanga mweupe unaokunywa mvua ya asubuhi, na mchana ukiushika unakupitia vidoleni mkavu.

Wanakijiji hawakuwa wenyeji wa pale. Serikali iliwatoa msituni, mwendo wa siku moja kutoka hapo, kwa ajili ya malale. Ikawapanga kwa mistari jirani na barabara ya Igalula, ikawakataza kuhama. Zamani shamba likichoka, mtu alisogea. Sasa ilikuwa mwaka wa kumi, vita vya Hitla vimekwisha, mchanga umechoka na watu wamekaa nao. Ng'ombe hawakuwako, mbung'o waliwamaliza, kwa hiyo samadi haikuwako pia. Mwaka uliopita nyumba ya Alois ilikula mlenda na mizizi ya porini tangu Januari, na mtoto wao mdogo, aliyemfuata Apolinaria, hakuumaliza mwezi wa pili. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akajifanya hakimu kabla ya kusikia yote.

Ndipo akaja Silasi, bwana shamba, Mmoraviani wa Sikonge, kijana wa soksi ndefu na daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alilichagua shamba la Alois liwe shamba la mfano, akamfundisha kuchimba shimo la mboji: tabaka la majani, tabaka la majivu, mavi ya mbuzi kiasi yatakayopatikana, maji, halafu majani tena. Baada ya wiki chache unachomeka fimbo katikati ya lundo, ukiichomoa iwe ya moto mkononi. Udongo wa kichuguu ungeushika mchanga usikimbie. Na mifupa, alisema Silasi, ichomwe, itwangwe, imwagwe, maana mahindi yanataka nguvu ya mifupa ili yabebe.

"Mifupa tutaitoa wapi, Bwana Shamba? Sisi hatuchinji," aliuliza Alois siku ile.

Silasi alielekeza fimbo yake kwenye njia ya zamani. "Punda wangapi walikufa pale? Majivu yamewatunzia."

Basi, mchana wa siku ile ya yale meno, Silasi alipofika kwa baiskeli kukagua, Tekla alikwisha kukitia kile kipande ndani ya chungu, na chungu nyuma ya mtungi wa maji. Silasi alimwamkia Bibi Nyamizi shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akatia mkono kwenye kinu, akauchezea ule unga kati ya vidole.

"Safi. Laini kama unga wa muhogo," akasema. "Alois, nionyeshe mikono."

Alois akanyoosha viganja vyote viwili mbele ya mkewe na mama yake. Silasi akavitazama kama mwalimu anayetafuta uchafu kwenye kucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. "Huyu anafanya kazi. Madebe sita. Mama, bado kiasi gani?"

"Kikapu kimoja," alisema Tekla.

"Mmalizie leo."

Akakimalizia. Silasi alikuwa amekaa kigodani anakunywa uji wao, akimtazama, na Tekla hakuwa na namna. Kila mchi uliposhuka alijiambia huu ni mguu wa punda.

Silasi alipoondoka Tekla alisema, "Kile cha kwenye chungu kirudishe leo."

"Kesho," alisema Alois. "Leo kuna watu njiani."

Kesho yake pia kulikuwa na watu njiani, na kesho iliyofuata.

*

Mvua zilianza kwa wakati wake. Mahindi yakaota, na kufikia Krismasi yalikuwa yamempita Apolinaria. Silasi alikuwa ameacha mstari mmoja katikati bila mboji wala mifupa, ili watu waone tofauti, na mstari ule ulibaki mwembamba na wa manjano, mabua yake yakiishia magotini. Kushoto na kulia kwake mahindi yalisimama ya kijani kibichi, majani mapana, mabua manene. Watu waliokuwa wakipita walisimama kuyaangalia. Mwanzoni walisifu. Baadaye wakawa wanaangalia tu, wanaendelea na safari.

Jirani yao Paskazia, ambaye mahindi yake yalikuwa yamejikunja kwa kiu, alikuja na kibuyu kuazima chumvi.

"Mama Apolinaria, sisi mvua si imetunyeshea moja?"

"Ni moja."

"Hata mimi nimechimba shimo. Nimetia majani, nimetia majivu. Sasa kwenu mmeongeza nini?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mwenzio nami nina watoto."

"Ni mifupa tu. Bwana Shamba si aliwaambia wote."

"Mifupa," alisema Paskazia. Akaangalia ndani ya nyumba, kule kwenye mtungi, akaondoka na chumvi yake.

Siku hiyo Tekla hakula. Alimkumbuka Veneranda. Miaka miwili nyuma, mwanamke yule alivuna karanga magunia matatu wakati wenzake walivuna vikapu, na mtu mmoja akafukua pembe ya mbuzi kwenye tuta lake. Pembe tu, yenye uchafu ndani. Wakasema anavuta mazao ya wenzake kwa nguvu za wafu. Hawakumpiga. Waliichoma nyumba yake mchana, wakakaa pembeni kuangalia, na Veneranda akatembea kwenda stesheni ya Igalula na mkeka kichwani, hakuna hata mmoja aliyemsindikiza. Tekla mwenyewe hakumsindikiza. Alikuwa amesimama mlangoni amembeba mtoto, na Veneranda alipopita, Tekla aliangalia kando.

Na hiyo ilikuwa pembe ya mbuzi.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, alimkuta Apolinaria katikati ya shamba ameshika hindi changa, amekwisha kulimenya, analipeleka mdomoni. Tekla alimpiga kofi. Hakuwa amewahi kumpiga usoni. Mtoto alishangaa kwanza, ndipo akalia, na Alois aliyekuwa anapalilia mstari wa pili akaja na jembe mkononi.

"Amefanya nini?"

"Alitaka kula."

"Si mahindi ya kwetu?"

Tekla akaelekeza kidole kwenye tuta. Alois akachutama kwenye tuta, akauchimbua ule udongo wa mboji kwa kidole. Udongo ulikuwa unashikana mkononi, jambo ambalo mchanga wao haukuwahi kufanya.

"Nikuambie kitu," akasema. "Siku ya kwanza kabisa kule nilipata fuvu."

"La mtu?"

"La mtu. Nikalifukia palepale. Nikajiambia ni moja, ni bahati mbaya, mingine ni ya punda. Kesho yake nikachimba hatua tano pembeni." Alifuta kidole kwenye kaptula. "Baada ya hapo nilikuwa nachimba nimefumba macho, Mama Apolinaria. Kweli kabisa. Nafumba macho, natia kikapuni."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungetwanga?"

"Nisingetwanga."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Alois. Akanyanyuka akarudi kwenye palizi.

*

Siku ya shamba la mfano ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu. Silasi alikuja siku moja kabla kutoa maagizo. Mtoto aogeshwe. Uwanja ufagiliwe. Alois avae shati, na kama hana, Silasi angemwazima lake la zamani. Bwana mkubwa wa kilimo, Mzungu, angekuja na gari, watu wote wa kijiji wangekuwepo, na mahindi yangechomwa hapohapo ili kila mtu aonje matunda ya elimu.

"Lakini mwanangwa ana neno," alisema Silasi, akakunja uso kidogo. Mwanangwa Shilinde ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji, mzee kama Bibi Nyamizi. "Anasema mahindi mapya hayaliwi na wageni mpaka mkubwa wa nyumba ameonja. Basi, sawa. Bibi ataonja mbele ya watu. Itapendeza."

Bibi Nyamizi akasema hewala. Tekla aliyekuwa anafagia alisimama, ufagio mkononi, na hapo akajua hawezi tena. Mwenyewe alikuwa amejiandaa kula na kunyamaza. Kumlisha mama mkwe wake bila kumwambia lilikuwa jambo jingine.

Silasi alipopotea na baiskeli yake, alikwenda kupiga magoti mbele ya bibi. Akasema yote, tangu meno hadi fuvu, bila kupumzika, maana alijua akipumzika hataendelea. Bibi Nyamizi alisikiliza mikono ikiwa juu ya mapaja.

"Kilete," akasema.

Tekla akakitoa kwenye chungu. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga. Tekla aliona shavu la yule mzee linatembea, akafahamu kuwa ulimi wake unapapasa meno yake mwenyewe.

"Nilikuwa na kaka," alisema Bibi Nyamizi. "Mihambo. Alikwenda pwani na pembe za ndovu, mara mbili. Mara ya tatu wenzake walirudi bila yeye. Walisema alipata ndui, wakamwacha kambini, imebaki siku moja tu wafike kwetu. Walimwachia maji. Waliogopa, ndui si mchezo. Mama yangu aliwapikia wakala, hakuwauliza tena."

"Ni yeye, mama?"

"Nitajuaje? Tulichongwa wengi." Akakifunga kile kipande kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Kama si yeye ni kaka wa mwingine."

Tekla akaanza kulia. Bibi Nyamizi alimwacha alie kidogo, kisha akamgusa bega.

"Kesho nitakula."

"Mama, hapana."

"Nikikataa mbele ya watu wataniuliza sababu, na sababu ikijulikana huyu mtoto atalala wapi? Nitakula. Halafu hiki mtakirudisha, na Alois akome kwenda kule. Huyo Mungu wenu nitaongea naye mwenyewe."

Walikubaliana hivyo. Lilikuwa wazo zuri la watu wawili wenye hofu, na lingeweza kufaulu.

*

Mzungu alikuwa mrefu, mwenye haraka. Walimwekea meza yenye kitambaa cheupe kilichoazimwa misheni. Silasi akapima mahindi kwa fimbo, akataja hesabu kwa sauti, akamsimamisha Alois juu ya kigoda kofia mkononi, shati la kuazimwa likimbana makwapani, akamwambia anyanyue hindi juu kila mtu alione. Alois akanyanyua. Watu wakapiga makofi, na yeye akabaki amenyanyua mkono kwa sababu hakuna aliyemwambia ashushe.

Kisha moto, na harufu ya mahindi, ambayo kwa watu waliokuwa na njaa si harufu ndogo. Bibi Nyamizi akapewa hindi la kwanza. Alilishika kwa mikono miwili, namna ileile aliyokishika kile kipande jana, akaling'ata. Akatafuna polepole. Tekla aliangalia koo lake mpaka alipomeza.

"Ni tamu," alisema bibi. Ilikuwa kweli, na machozi yalimtoka, watu wakadhani ni furaha.

Mwanangwa Shilinde akafuata, kisha wazee, kisha wote. Apolinaria akapewa nusu ya hindi na Tekla hakuweza kumnyang'anya. Alipopewa lake, Tekla naye akala. Alikuwa anajiambia imebaki saa moja, gari litaondoka, yatakwisha.

Ndipo Silasi alipopanda juu ya kigoda na daftari lake.

"Mmeona kwa macho na kwa ulimi. Basi bwana mkubwa ameamuru hivi. Kila nyumba, kabla ya mvua zijazo, itakwenda kambini kuchimba mifupa na kutwanga madebe manne. Nyumba thelathini na mbili. Yule ambaye hatafikisha atajieleza barazani."

"Mimi naanza Jumatatu," alisema Paskazia, punje zikiwa bado kwenye midomo yake, na watu wakacheka, wakapiga makofi.

Tekla alimtafuta Bibi Nyamizi. Bibi alikuwa ameacha kutafuna. Alimtafuta Alois. Alois alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Mara Tekla akaziona nyumba thelathini na mbili zimekaa na vinu thelathini na viwili, wanawake wanatwanga, wanasimuliana, wanacheka, na kila mmoja ana babu au mjomba aliyekwenda pwani asirudi. Na mmojawao, wa kwanza au wa kumi, angefuta jivu kwa kidole gumba kama alivyofuta yeye. Hofu aliyokuwa nayo miezi mitano haikupungua hata kidogo. Aliinuka hivyohivyo.

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kichwa cha bibi, akakifungua juu ya meza ya Mzungu, kwenye kile kitambaa cheupe.

"Hii imetoka kambini," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, waliokuwa nyuma wakasogea ili wasikie. "Nimetwanga madebe sita kabla sijaiona, na kikapu kimoja baada ya kuiona. Yako humu shambani. Ndiyo mliyoyala. Sikuwaambia kwa sababu niliogopa."

Mzungu akamuuliza Silasi jambo. Silasi hakutafsiri. Mwanangwa Shilinde aliinama juu ya meza, akayaona meno, akaweka kiganja mdomoni mwake kufunika ya kwake. Wazee wengine waliokuwa karibu walifanya vilevile, mmoja baada ya mwingine. Watu walibaki na mahindi mikononi, hawajui wayatupe au wayaweke.

"Ndiyo maana yamestawi," alisema mtu.

"Nilijua," alisema Paskazia. "Nilijua kuna kitu kwenye ile nyumba."

Watu wa nyuma wakaanza kusogea mbele. Hakuna aliyepiga kelele, na Tekla alikumbuka kwamba hata kwa Veneranda hakuna aliyepiga kelele. Alois akaja mbio, akamnyanyua Apolinaria, akasimama mbele ya mkewe, shati likapasuka kwapani. Mtu mmoja alikwisha kuinama kwenye moto, ameshika kijinga.

"Kirudishe hicho chini," alisema Bibi Nyamizi.

Hakuinuka. Alisema akiwa amekaa palepale kwenye mkeka, hindi lake mapajani.

"Nimekula wa kwanza, na nilikuwa najua. Mkitaka mchawi, mchukueni mimi, nimekwisha kuzeeka. Lakini kwanza mniambie. Kaka yangu Mihambo waliachana naye kule akiwa na ndui. Waliomwacha walikuwa baba zenu. Shilinde, baba yako alikuwamo, si nasema kweli?"

Shilinde aliondoa kiganja mdomoni. "Alikuwamo," akasema.

"Nani hapa hakuachiwa mtu njiani? Asiyekuwa na mtu wake aje na kijinga chake."

Hakuja mtu. Mwenye kijinga alikiangalia kama amepewa na mtu mwingine, akakirudisha motoni. Shilinde akakifunga tena kile kipande kwenye kitambaa cha bibi.

"Alois," akasema. "Chukua jembe."

Alois akamkabidhi Tekla mtoto, akachukua jembe. Hakuuliza la nini. Ni mpaka walipofika kambini, wanaume kumi na wanane nyuma yake, na Shilinde akamwambia aonyeshe alikolifukia lile fuvu, ndipo alipojua kuwa atarudi nyumbani.

*

Walizika walichokipata siku hiyo, mle mle kwenye majivu, wakakusanya mawe wakayaweka juu. Kilichokwisha kumwagwa shambani hakikuweza kuokotwa. Shilinde aliamua shamba lile lisilimwe tena, wala mahindi yaliyobaki yasivunjwe, na hakuna aliyebisha, ingawa lilikuwa shamba bora kuliko yote ambayo kijiji kile kilipata kuwa nayo. Ile amri ya madebe manne haikurudiwa kusomwa. Silasi aliandika kwenye daftari lake kuwa mradi umekwamishwa na imani za wenyeji. Akahamishiwa Usinge, na shati lake lililopasuka lilibaki kwa Alois.

Walipewa sehemu nyingine mwisho wa mstari, luseni tupu. Tekla akachimba shimo jipya. Alitia majani na majivu ya jiko lake tu, kwa sababu kwa miezi mingi hakuna mwanamke aliyekubali kumpa majivu ya kwake. Kabla ya kumwaga kikapu chochote cha udongo, hata cha kichuguu, aliupitisha kidogo kidogo kati ya vidole vyake. Hakuacha tabia hiyo mpaka alipozeeka. Mavuno ya mwaka uliofuata yalikuwa vikapu vinne vya mahindi madogo. Yalikuwa haba, lakini yalizidi ya ule mwaka wa mlenda, na Apolinaria aliishi.

Mvua ziliporudi, punje zilizokuwa zimeanguka kwenye shamba la zamani zilijiotea zenyewe. Yakawa mahindi mazito, ya kijani kibichi, yakafunika hata ule mstari wa mchanga. Watu waliopita waligeuza nyuso, na njaa yao wakapita nayo. Bibi Nyamizi peke yake ndiye aliyekuwa akisimama. Kila asubuhi alikwenda na fimbo yake hadi ukingoni mwa shamba, akatoa salamu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka," akangoja kidogo, muda ambao mtu humngojea mwenzake aitikie, kisha akarudi nyumbani kuwasha moto.